Kiwango cha Mama Pasi

Katika chumba cha pasi, joto ndilo huamka kwanza. Kabla wafanyakazi hawajavaa aproni, mabomba ya mvuke huwa yameshaanza kupiga mluzi. Kisha toroli huingia kutoka chumba cha kufulia. Hubeba shuka za hospitali, vitambaa vya meza vya hotelini, makoti meupe ya madaktari. Vyote vimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa kwa kelele.

Meza ya dirishani ilikuwa ya Nyoosha. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake ndio walimwita hivyo, kwa sababu hakuweza kuona mkunjo akaupita. Hata kola ya mtu aliyesimama naye njiani aliinyoosha kwa vidole.

"Iko siku utampiga pasi mumeo akiwa ndani ya shati," Chapuchapu alimwambia.

"Akitulia, nitampiga," Nyoosha alijibu.

Chapuchapu alikuwa jirani yake wa meza. Wepesi wake ulikuwa wa ulimi tu. Mikono ilikwenda taratibu kama konokono aliyebeba mzigo, na ndiyo maana wakamwita hivyo kwa utani. Umri wake hakuna aliyeujua. Ukimuuliza alisema, "Nina arobaini." Alikuwa na arobaini hiyohiyo tangu Nyoosha aanze kazi.

Kabla ya Nyoosha, meza ya dirishani ilikuwa ya mama yake. Watu walimwita Mama Pasi. Shule ikifungwa, Mama Pasi alikuja kazini na mtoto wake. Wakati ule watu hawakukataza. Nyoosha alikaa chini ya meza, katikati ya shuka zilizokunjwa, bado zina joto. Kutoka pale aliona miguu ya mama tu, ikienda na kurudi. Alisikia pasi ikishusha pumzi. Alisikia mama akiimba kwa kufumba mdomo. Harufu ya mvuke na ya wanga wa kukazia nguo ilimwambia kwamba yuko salama.

Jioni wakifika nyumbani, mama alimshika mashavu kwa viganja vyake. Viganja vilikuwa bado vya moto.

"Nakunyoosha uso," mama alisema.

Chumba cha pasi kilikuwa na desturi yake. Waliiita kurithi meza. Mtu akistaafu, alichagua wa kumwachia meza. Mrithi alifungwa aproni ya mwenye meza mbele ya wenzake. Kisha alikwenda kwa karani wa mishahara na kusema, "Niandikie kiwango cha mwenye meza." Maana yake, makato yake ya mfuko wa akiba ya uzeeni yawe sawa na ya yule aliyemtangulia. Waliamini kuwa ni baraka.

"Ukirithi meza ukaacha kiwango, pasi itakuunguza," walisema.

Kati ya waliokuwepo, hakuna aliyekumbuka mtu aliyeungua. Lakini pia hakuna aliyethubutu kujaribu.

Mama Pasi alistaafu mwanzoni mwa mwaka uliopita. Alimfunga binti yake aproni, akamkaza kamba mgongoni mpaka watu wakacheka. Siku hiyohiyo Nyoosha alikwenda kwa karani. Kiwango cha Mama Pasi kilikuwa kikubwa, karibu robo ya mshahara. Karani aliandika bila kuuliza. Desturi hiyo aliikuta, naye akaizoea.

Haikupita miezi mingi, Mama Pasi akaugua. Hakukaa sana kitandani. Alikwenda kimya, kama alivyoishi. Sehemu ya pensheni yake iliendelea kulipwa kwa mumewe, yaani baba yake Nyoosha. Nyoosha alibaki na meza, aproni na kiwango. Kila mwisho wa mwezi alipoona mshahara umekatwa, hakuhesabu kilichopungua. Alihisi kama mama amepita, akamshika bega.

Asubuhi moja, mwaka mpya ukiwa bado mchanga, karani alichungulia mlangoni. Hakupenda kuingia, maana mvuke uliijaza miwani yake ukungu.

"Nyoosha! Saa ya mapumziko njoo ofisini."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, dada. Mambo ya mfuko."

Ofisi ya karani ilikuwa na feni moja na simu mbili. Feni haikufanya kazi. Simu zilifanya kazi kupita kiasi.

"Michango yako ya mwaka jana imezidi," karani alisema. "Umepita kikomo. Mfuko unataka kukurudishia kilichozidi. Afisa wao atakuja Alhamisi. Uweke sahihi, tumalize. Mwezi huu ukiisha kabla hujarekebisha, itakuwa shida."

Nyoosha alikunja uso. "Tangu lini kuweka akiba kukawa kosa?"

"Kuna kikomo, dada. Ukikipita ni kosa. Linarekebishwa."

"Lakini kile si kiwango changu. Ni cha mama yangu. Aliweka vilevile, wala hakuna aliyemwita."

Simu ikalia. Karani aliinyanyua, akaiziba kwa kiganja.

"Basi na hicho kitabidi kiangaliwe," alisema. Akageukia simu. "Haloo?"

Yalikuwa maneno machache tu. Karani hata hakufikiri alichosema. Lakini Nyoosha alitoka nayo kama mtu aliyekanyaga mwiba, asiweze kuinama kuuchomoa.

Alirudi mezani. Chapuchapu alikuwa anamngoja kwa macho.

"Wamekuitia nini?"

Nyoosha akamweleza. Kumweleza Chapuchapu ni kuliambia jengo zima. Lakini moyo ukijaa, hauchagui sikio.

Chapuchapu aliisimamisha pasi yake. "Weee, mwenzangu! Hao huanza na walio hai. Wakimaliza, wanafukua waliolala. Kama cha mtoto kimezidi, cha mama je? Watasema Mama Pasi alijizidishia. Kisha watamfuata mzee wako, wamwambie, rudisha."

"Arudishe nini? Kinachokuja chote anakula."

"Ndipo hapo sasa! Mimi ningekuwa wewe, sahihi nisingeweka. Kuweka sahihi ni kukiri."

Nyoosha alisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikuwa ameacha pasi juu ya foronya. Aliinyanyua haraka. Doa la kahawia lilibaki pale, lenye umbo la pasi.

"Umeona?" Chapuchapu alinong'ona.

Nyumbani walikuwa wanne. Nyoosha, mumewe ambaye alikuwa fundi baiskeli, binti yao wa shule ya msingi, na Baba. Baba alihamia kwao baada ya msiba. Alikuja na sanduku moja, redio, na kiti cha mkewe. Kiti hicho hakukikalia. Alikiweka karibu na dirisha, na kila asubuhi alikifuta vumbi.

Pensheni haikuwa nyingi. Lakini ilikuwa heshima ya Baba. Kwa pensheni hiyo alinunua dawa zake za presha bila kumwomba mkwewe. Alimnunulia mjukuu madaftari. Siku ya kwenda kuichukua alinyoa ndevu tangu alfajiri, akatoka kwa hatua ndefu kama mtu anayewahi kazini.

Nyoosha aliwaza afisa akimsimamisha mzee huyo kaunta na kumwambia, "Mzee, rudisha." Aliona aibu kwa niaba yake. Aliamua kutosema lolote nyumbani, na kutoweka sahihi popote.

Walipokuwa wanakula, mumewe alimtania.

"Mke wangu, mshahara wako siku hizi unafika nyumbani umekonda. Njiani unaumwa nini?"

"Unakwenda kwenye akiba."

"Akiba ni jambo jema, sikatai. Lakini viatu vya mtoto vimeanza kucheka."

Binti alinyoosha mguu, akaonyesha soli iliyofunguka mdomo. Wote walicheka, isipokuwa Nyoosha. Baba alicheka pia, lakini macho yake yalibaki kwa binti yake.

Alhamisi ikafika. Afisa wa mfuko alikuja. Nyoosha aliingia chumba cha kukaushia, akasimama nyuma ya vitambaa vya meza vilivyoning'inia. Alisikia jina lake likiitwa. Hakuitika. Alikaa pale mpaka jasho likamtiririka mgongoni, kama mtoto anayejificha katika mchezo wa kibe, ila yeye hakutaka kuonekana milele.

Kesho yake karani alimkuta kwenye korido. "Dada, unanikimbia. Afisa atarudi Alhamisi ijayo. Hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya mwezi kwisha. Tarehe ikipita, hata mimi sina la kufanya."

"Nimesikia."

"Kusikia si kuja."

Nyoosha alipita akaenda zake.

Jioni ya Jumapili, Baba alimkuta uani akipiga pasi sare ya mtoto. Alisimama kando, mikono nyuma, akamtazama kwa muda.

"Hiyo sare imekukosea nini?" aliuliza. "Umeipiga pasi, umeikunja, umeikunjua, sasa unaipiga tena."

"Ina mkunjo, Baba."

"Mkunjo uko usoni kwako, mwanangu. Sare imenyooka."

Nyoosha alitabasamu kidogo. Baba akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo. Akiwa na jambo, alipiga pasi mpaka dekio. Nikirudi nyumbani nikaona dekio limenyooka, nilijua leo kuna habari. Haya, dekio nimeliona. Habari iko wapi?"

Mficha uchi hazai. Nyoosha aliweka pasi chini. Akamweleza yote, tangu mwito wa karani mpaka vitambaa vya meza. Mwisho akafika penye pensheni.

Baba alisogeza ndoo karibu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulijificha kwa ajili yangu."

"Sikutaka upandishe presha."

"Presha ninayo tayari. Haingoji kukaribishwa." Akakuna kidevu. "Lakini niambie. Nani alikuambia mama yako aliweka robo ya mshahara miaka yote?"

"Si ndicho kilikuwa kiwango chake?"

"Hicho ni cha mwisho. Wewe ulikuta wali umeshaiva. Hukuona kuni zikitafutwa."

Baba aligeuka, akatazama ukuta wa ua kana kwamba kuna mtu amesimama pale.

"Alipokuwa na umri wako, alikuwa anaweka kidogo tu. Na hicho kidogo alikirithi pamoja na meza. Tulikaa chumba kimoja. Mvua ikinyesha, ukuta ulitoka jasho. Wewe ulikuwa ndio kwanza unatambaa. Ukaugua kifua. Dawa zikawa ghali. Mama yako akaenda ofisini, akaomba kiwango kipunguzwe."

"Mama? Alipunguza?"

"Alipunguza. Wenzake walimnunia wiki nzima. Wakamtishia pasi itamuunguza. Akawaambia, 'Na iniunguze, mradi mtoto wangu apumue.'"

Nyoosha hakuijua habari hiyo. Alikuwa amemjua mama wa miguu imara, mama asiyeyumba. Sasa alimwona mwingine, kijana kama yeye, amesimama mbele ya karani wa zamani, amebana mkoba kifuani. Alitamani amshike mashavu.

"Hakuongeza mpaka nywele zetu zilipogeuka rangi," Baba aliendelea. "Siku hiyo alirudi ana furaha. Alisema kazini wametangaza kuwa wenye umri mkubwa wanaruhusiwa kuongeza. Akasema, 'Sasa na mimi nakimbia kufidia.' Kwa hiyo kama kuna kosa, sijui. Lakini mama yako hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya nguo mbichi. Alhamisi tunakwenda wote. Wakinitaka nirudishe, wanitazame usoni waseme."

Alhamisi walikutana katika chumba cha chakula cha wafanyakazi, mbali na zile simu. Afisa wa mfuko alikuwa mwanamke mpole, mwenye kompyuta ndogo na leso ya kufutia jasho. Alimwona Baba, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kujua kama mnanidai."

"Tukudai? Tukudai nini tena?"

Baba alieleza. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama karani. Karani akatazama viatu vyake.

"Tuanze na lako, mzee, maana naona ndilo zito," afisa alisema. Akafungua kompyuta, akasoma kidogo. "Mfuko wetu una kikomo cha mchango kwa mwaka. Kila mfanyakazi ana ruhusa ya kuweka mpaka hapo. Lakini aliyefika miaka hamsini anaruhusiwa kuongeza kiasi fulani juu ya kikomo. Muda wake wa kuweka umebaki mfupi, kwa hiyo anasaidiwa afidie. Mama Pasi aliongeza akiwa ameshafika hamsini. Hakuzidisha. Alitumia haki yake."

"Na pensheni?"

"Pensheni haiguswi, mzee. Ni halali yake, na sasa ni halali yako."

Baba alivua kofia, akaiweka magotini. Aliifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. 

"Na mimi?" Nyoosha aliuliza.

"Wewe una miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na mbili."

"Basi tatizo liko hapo. Ulichukua kiwango cha wakubwa kabla hujafika kwao. Ile nyongeza bado si yako."

 Vidole vya Nyoosha vilikuwa vinanyoosha kitambaa cha meza.

"Ni kama kitufe cha joto kwenye pasi," alisema polepole. "Pamba inataka moto mkali. Ukiweka moto huohuo kwenye hariri, unaunguza. Si kwamba moto ni mbaya. Umekosea kitambaa."

Afisa alicheka kwa furaha. "Umeeleza kuliko mimi. Haya maneno nitayaiba."

"Mama alikuwa pamba. Mimi bado hariri."

"Hariri yenye ulimi," Baba alisema, na meza nzima ikacheka.

Lakini Nyoosha alikuwa na swali lingine. "Fedha ni zangu, zimetoka kwenye jasho langu. Nikiziacha humohumo, ubaya uko wapi?"

"Swali zuri. Ubaya uko kwenye kodi. Mchango ulio ndani ya kikomo hukatwi kodi unapouweka. Utakatwa uzeeni, siku ya kuutoa. Ule uliozidi hauna msamaha huo. Ni mshahara wa kawaida, lazima ukatwe kodi ya mwaka ulioupata. Ukirudishiwa kabla ya siku ya mwisho, unakatwa mara moja, yamekwisha. Ukiuacha, unakatwa sasa, na uzeeni unakatwa tena. Fedha ileile, kodi mara mbili."

"Kichwa kimoja, kunyolewa mara mbili," Baba alisema.

"Hapo umefika, mzee."

"Na zile fedha zilikaa mwaka mzima. Hazikuzaa?" Nyoosha aliuliza.

"Zilizaa. Faida ya kile kilichozidi inarudi nacho. Ng'ombe harudi akamwacha ndama. Faida hiyo nayo inakatwa kodi. Na kama mwaka ungekuwa mbaya, mfuko ukapata hasara, kingerudi kimepungua."

Nyoosha alivuta pumzi. "Adhabu je? Nikiweka sahihi, nimekiri kosa?"

"Adhabu ya nini, mama? Ukiweka sahihi, umekubali kurekebishiwa hesabu. Hufukuzwi kazi. Hutolewi kwenye mfuko. Michango yako mingine yote inabaki na inaendelea kukua. Kinachotoka ni kile kilichomwagika juu ya chombo tu."

Karani alikohoa. "Dada, nisamehe. Nilipaswa kuangalia mwaka wako wa kuzaliwa kabla sijaandika. Na siku ile mdomo wangu ulitangulia akili."

"Zile simu zitakumaliza," Nyoosha alimwambia. "Nimekusamehe. Lakini ulinichomea foronya."

Aliweka sahihi. Alidhani kazi imekwisha. Afisa akamsogezea fomu nyingine.

"Bado moja. Mwaka mpya umeanza, na mshahara wako unaendelea kukatwa kwa kiwango kilekile. Ukideki sakafu huku bomba linavuja, utadeki mpaka mwakani. Andika kiwango kipya."

"Niandike mpaka mwisho wa kikomo changu?"

"Si lazima. Kikomo ni mwisho wa ruhusa. Hakikulazimishi ukifikie. Angalia uwezo wako. Uzeeni uwe na cha kula, na leo nyumba isilale njaa. Tena kitu kingine, ukija kufanya kazi mahali pawili, jumlisha michango yako yote. Watu wengi huzidisha hapo. Mtu huku hajapita kikomo, kule hajapita, kumbe akijumlisha amepita."

Nyoosha alishika kalamu. Alijua nambari ya kuandika. Ilikuwa ile aliyoweka kabla ya kurithi meza, na kidogo juu yake. Lakini mkono haukwenda.  Kutoka ndani zilisikika pasi za mvuke, zikishusha pumzi moja baada ya nyingine.

"Baba," alisema, "naona kama namwondoa Mama."

Baba aliinama karibu yake, kama anayemfundisha mtoto kuandika.

"Kipunguze, mwanangu. Yeye mwenyewe alikipunguza. Tena kwa ajili yako."

Nyoosha akaandika.

Baada ya wiki chache fedha zilirudi pamoja na faida yake. Karani alimwita, akamwonyesha kwa kidole: hiki ndicho kilichozidi, hii ndiyo faida, hii ndiyo kodi iliyokatwa. Safari hii aliziweka simu zote mbili kifudifudi kwanza. Binti alipata viatu. Vilikuwa vikubwa kidogo, maana mume alisema mguu wa mtoto hauna adabu, haungoji. Kilichobaki walikiweka benki, kiwe cha dharura, mahali ambapo mtu anaweza kutoa usiku akiuguliwa. Na mshahara wa Nyoosha ukaanza kufika nyumbani umenawiri.

"Umepona?" mume aliuliza.

"Umepona. Usiutie jicho."

Nyoosha alimwomba afisa aje aseme na chumba kizima. Alikuja wakati wa chai, akasimama kati ya meza. Alieleza kikomo, akaeleza kodi, akaeleza tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Alisema kila mtu asome hati yake ya mshahara, na asiyeelewa aulize mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfano wa pamba na hariri aliuiba kweli. Watu walitikisa vichwa kukubali.

Alipofika kwenye nyongeza ya wakubwa, Chapuchapu alianza kufuta pasi yake, ingawa ilikuwa safi.

"Hiyo nyongeza," aliuliza bila kuinua macho, "ni ya waliofika miaka mingapi vile?"

"Hamsini."

"Na lazima mtu aseme umri wake?"

"Lazima, mama. Tena na cheti aonyeshe."

Chapuchapu aliendelea kufuta. Chumba kizima kiliweka vikombe chini. Hata mvuke ulionekana kusubiri.

"Wenye masikio wazibe," alisema mwishowe. "Andika hamsini na sita."

Kicheko kilitikisa hanga zilizotundikwa ukutani.

"Hamsini na sita!" mmoja alipiga kelele. "Na ile arobaini imekwenda wapi?"

"Imestaafu!" Chapuchapu alijibu. "Mniache. Miaka sita nzima nimeacha haki yangu kwa sababu ya urembo!"

Siku ile aliongeza mchango wake. Kabla ya kutoka, alisimama kwenye meza ya Nyoosha.

"Mwenzangu, nilikutia hofu bure. Jambo sikulijua, nikalisema kama nalijua."

"Ulinikosesha usingizi, dada."

"Dada? Umeshajua umri wangu. Niite mama."

Meza bado zinarithiwa katika chumba cha pasi. Aproni bado inafungwa mbele ya wenzako, kamba ikikazwa mpaka watu wacheke. Lakini mrithi akienda kwa karani, karani humuuliza kwanza mwaka wa kuzaliwa na mahali pengine anapofanya kazi. Na wanawake wa pasi wana msemo wao mpya: meza ni ya kurithi, kiwango ni cha kujipimia.

Mwisho wa mwezi, Baba alikwenda kuchukua pensheni. Nyoosha alikuwa na siku ya mapumziko. Alijua hakuna la kuogopa. Afisa alisema, naye alielewa. Hata hivyo alijikuta amesimama mlangoni, anatazama njia.

Baba alitokea kwenye kona na kifurushi cha sukari kwapani. Hakuharakisha. Alimsalimu jirani, akasimama, akacheka na mtu, akaendelea. Alipofika alimwona binti yake alivyosimama, akajua swali kabla halijaulizwa.

"Imekuja," alisema. "Yote."

Akampa sukari.

"Mama yako hajakosa mwezi hata mmoja."

Nyoosha aliipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani kuweka maji ya chai.